Namna ya Kuandika Historia ya OSCON kwa Kurasa Zilizobaki

OSCON, yaani Open Source Convention, kongamano la programu huria lililoandaliwa na kampuni ya O'Reilly nchini Marekani, halipo tena: Machi 2020 kampuni ilifunga kitengo chake cha mikutano ya ana kwa ana. Anayeandika historia yake leo hutegemea sana kurasa za zamani za tovuti, nazo hupotosha kirahisi.

Fungua jedwali lenye safu tano: mwaka, jina, mji, tarehe, ushahidi. Safu ya mwisho ikiwa tupu, mstari huo haujakamilika, hata kama una uhakika nao kichwani.

Jina ndilo linalokwamisha wengi. Ukitafuta OSCON tu utaanzia Monterey, California, mwaka 1999, na mzizi utakupita. Mkutano ulianza San Jose mwaka 1997 kwa jina la Perl Conference, yaani mkutano wa lugha ya programu ya Perl. Isingewezekana uitwe OSCON, kwani istilahi "open source" (programu huria) ilizaliwa Februari 1998. Tafuta majina yote mawili.

Miji nayo ina mitego. Portland ilizoeleka tangu 2003, lakini mwaka 2009 ni San Jose, na 2016 ulihamia Austin. Mwaka 2015 unahitaji mistari miwili, Portland na Amsterdam.

Nakala za zamani zipo Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za tovuti. Soma anwani ya nakala kwanza: ina tarakimu 14. Kwa mfano, 20150721093000 ni Julai 21, 2015, saa 3:30 asubuhi kwa majira ya UTC, si ya Portland. Hiyo ni saa ya ukurasa kunakiliwa. Picha zilizomo huenda zilinakiliwa siku nyingine kabisa, kwa hiyo usitegemee nembo ya mdhamini kama ushahidi wa mwaka.

Ratiba iliyonakiliwa kabla ya mkutano inaonyesha kilichopangwa tu, maana watoa mada hujitoa. Thibitisha kwa chanzo cha nje: kwa mfano, programu huria ya OpenStack ilizinduliwa OSCON Julai 2010, na nyingine, Kubernetes 1.0, Julai 2015, na miradi hiyo ina matangazo yake yenye tarehe. Mkutano wa 2020 uandike "ulitangazwa, haukufanyika", usiuhesabu.

Kila ukurasa unaoutumia uhifadhi pia kwenye kompyuta yako siku hiyohiyo, jina la faili likianza na zile tarakimu 14.