Kuivisha ndizi haraka kwa ajili ya keki

Keki ya ndizi inataka ndizi iliyopitiliza: ganda limejaa madoa meusi, shingo imelegea, na harufu yake unaisikia kabla hujaimenya. Ile ya njano tupu ni tamu kula, ila kwenye keki itakulazimisha uongeze sukari, kwa sababu wanga wake haujageuka wote.

Kwanza chagua ndizi iliyokomaa. Pitisha kidole ubavuni: ikiwa imejaa na pembe zake zimepotea, itaiva vizuri. Yenye pembe kali ni changa, hata uivundike vipi itanyauka tu. Mimi napenda ndizi aina ya kisukari kwa harufu yake, ingawa ni ndogo na utahitaji tano au sita pale ambapo mtwike tatu zingetosha.

Ndizi za kijani zivundike. Tunda linapoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huharakisha kuiva kwa matunda yaliyo karibu. Kwa hiyo tia ndizi kwenye mfuko wa kaki pamoja na parachichi au nyanya iliyoiva, kunja mdomo, weka juu ya kabati jikoni ambako joto hupanda. Huna mfuko? Zifukie kwenye ndoo ya mchele au zizungushie magazeti. Mfuko wa plastiki hapana, ndizi hutoa jasho na kuota ukungu. Wahaya wa Kagera huivisha ndizi za rubisi, yaani pombe ya ndizi, kwa njia ya jamaa hii: shimo lililopashwa moto, majani ya migomba, kisha udongo juu. Nyumbani ngoja siku tatu mpaka tano, na chungulia kila asubuhi.

Kama ni za njano tayari na keki ni ya leo, tumia oveni. Zipange na maganda yake kwenye trei, nyuzi 150, dakika 20 hadi 30, mpaka ziwe nyeusi kote. Zitavuja maji mazito kama asali. Usiyamwage, ndiyo utamu wenyewe. Zipoe kabisa kabla hujazichanganya na mayai, la sivyo mayai yataiva bakulini. Kwa jiko la mkaa, sufuria yenye mchanga chini na makaa machache juu ya mfuniko inafanya kazi hiyo hiyo.

Ndizi ya kijani usiiingize ovenini kwa matumaini hayo, utapata ndizi ya kuchoma. Wala usiiweke kwenye friji: baridi huzuia isiive, ganda likawa jeusi na ndani kukabaki kugumu.

Na tafadhali, kabaidi, ile kemikali ya kuivishia matunda, isikanyage jikoni kwako. Huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni sumu, na keki hizi wanaokula ni watoto.

Zikizidi, zimenye, ziponde, gandisha kikombe kimoja kimoja.