Vifaa vya hoki ya barafu: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka Tanga

Kijana wa Tanga anayetaka kucheza hoki ya barafu itambidi asafiri. Atavuka Horohoro, apite Mombasa hadi Nairobi, kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari uliofunguliwa mwaka 2005, au aende mbali zaidi, kama wanaopata nafasi ya masomo Kanada. Nauli yenyewe mara nyingi huchangwa na ndugu, na kinachobaki cha kununulia vifaa wengi hukikimbiza kwenye gongo la kuchezea na viatu vya chuma vya kutelezea barafuni. Mimi nasema anza na kichwa na shingo. Gongo waweza kuazima.

Paki, kile kisahani kinachopigwa, ni raba ngumu ya gramu 156 hadi 170, na kabla ya mechi hugandishwa ili isidunde ovyo. Lakini hata paki isipokugusa, kuna kuanguka. Mchezaji Bill Masterton wa timu ya Minnesota, Marekani, alifariki Januari 1968 baada ya kuangukia barafu akiwa kichwa wazi, na NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ilikaa hadi 1979 ndipo ikawalazimisha wachezaji wapya kuvaa helmeti. Miaka 11! Wewe usisubiri kulazimishwa.

Helmeti ya bodaboda usiibebe, hata iwe mpya. Ile imeundwa kwa kishindo kimoja kikubwa, ni nzito na inaziba masikio. Ya hoki huundwa ipokee vishindo vya mara kwa mara. Ukiikuta kwenye mitumba ya Ngamiani, igeuze utafute stika ya ubora na tarehe yake ya mwisho. Ikiwa haina stika, au sponji imekauka, au ina ufa, au imepakwa rangi upya, irudishe hapo hapo hata ukipunguziwa bei. Ikikufaa, ukingo wa mbele utakaa upana wa kidole kimoja juu ya nyusi, na ukitikisa kichwa haitacheza. Anayeanza achague yenye wavu wa uso.

Sasa shingo. Oktoba 2023, mjini Sheffield, Uingereza, Adam Johnson alikatwa shingoni na chuma cha kiatu cha mchezaji mwingine, akafariki. Baadaye shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, IIHF, likafanya kinga ya shingo kuwa lazima katika mashindano yake ya ngazi zote. Kinga hiyo hufumwa kwa nyuzi zinazostahimili makali, na inapaswa kufunika koo lote bila kuacha mwanya. Skafu ya kawaida haifanyi kazi hiyo. Hii nunua mpya, na mzazi anayemsindikiza mwanawe stendi ya Kange aulizie hii kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kinga ya meno nayo iwe yako peke yako. Za mabega, viwiko na ugoko, pamoja na glovu na kaptula nene, mtumba si tatizo mradi plastiki haijapasuka na mikanda inashika. Ya ugoko ianzie gotini ifike juu ya kiatu. Kinga ya sehemu za siri ipo ya wavulana na ya wasichana. Msione haya kuiulizia.

Viatu huwa vidogo kwa namba moja au moja na nusu kuliko unavyovaa barabarani, na soksi yake ni nyepesi. Huku kwetu adui ni chumvi ya bahari na unyevu. Futa chuma mpaka kikauke kabisa, kipake mafuta kidogo ya cherehani, na usikihifadhi ndani ya kile kifuniko cha plastiki cha kutembelea, kwa maana hutunza maji na kutu huanzia humo. Nguo zote za kinga zianikwe penye upepo kila baada ya kuchezea. Zikifungiwa begini zikiwa mbichi zitaota ukungu.

Kabla ya safari jaribu kuvaa vyote nyumbani kwa mpangilio: kinga ya sehemu za siri, ugoko, kaptula, kisha viatu ukiwa bado unaweza kuinama. Ndipo mabega, kinga ya shingo, viwiko na jezi. Helmeti ifuate, na glovu ziwe za mwisho kabisa, kwa kuwa ukishazivaa huwezi tena kufunga mkanda wa kidevu.