SOMO: Kushusha muda wa robo maili kwa gari ya turbo ya mtaani bila kuua injini

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "Gari yangu ina turbo, nifunge nini ishuke sekunde moja?" Nimejibu mmoja mmoja vya kutosha. Naweka somo lote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Ni kwa gari ya petroli inayokupeleka kazini siku za wiki na uwanjani siku ya mapumziko.

Anza na karatasi ya matokeo. Robo maili ni mita 402, na karatasi unayopewa ukimaliza ina namba nyingi, lakini mbili ndizo zitakazokuonyesha pesa yako iende wapi: muda wa futi 60 za kwanza, yaani kama mita 18, na kasi ya mstari wa mwisho. Kasi ya mwisho inaisemea injini. Futi 60 zinayasemea matairi na mguu wako. Gari yangu ilikuwa inatoa sekunde 13.6 kwa kasi ya kilomita 172 kwa saa, futi 60 zikiwa 2.3. Nilibadilisha matairi na kujifunza kuachia klachi, basi. Futi 60 zikashuka hadi 1.9, muda ukawa 12.9. Kasi ilibaki 172 ileile, maana injini sikuigusa. Ndiyo maana asiye na karatasi simwambii anunue turbo gani. Bado hajajua anachokosa.

Hatua ya 1: Afya ya injini. Oili mpya, plagi mpya, pima kompresheni. Silinda moja ikiwa chini kuliko wenzake, simama hapa utengeneze kwanza.

Hatua ya 2: Tafuta busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) inapovuja. Ziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye vali ya tairi, ingiza upepo wa kompresa polepole hadi kiwango cha busti unachotumia, usizidi hapo, kisha pulizia maji ya sabuni kila kiungo. Kwangu, mpira wa chini wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ulikuwa unatoa povu upande wa nyuma, mahali jicho halifiki. Niliupata kwa kupapasa na kidole kilicholowa maji. Klempu ilikuwa imekaza kabisa, ila ilikaa juu ya ukingo wa bomba badala ya nyuma yake. Turbo inayovuja inalazimika kuzunguka zaidi ili itoe presha ileile, na hewa inazidi kupata moto.

Hatua ya 3: Matairi. Hapa ndipo sekunde za bei nafuu zilipo. Ukipunguza 0.1 kwenye futi 60, mara nyingi mwishoni unavuna 0.15 hadi 0.2. Tafuta tairi laini zilizotengenezwa kwa ajili ya kuondoka kwa nguvu lakini zinazoruhusiwa barabarani. Shusha upepo wa tairi zinazovuta psi 2 kwa kila mbio, andika, linganisha. Tairi za aina hiyo nyingi hufanya kazi vizuri kati ya psi 15 na 20. Tairi ya kawaida usiishushe hivyo, itayumba ukiwa kwenye kasi. Na tairi ya kawaida usiipitishe kwenye maji ya kuchomea matairi, yaani dimbwi lililo kabla ya mstari wa kuondokea. Zunguka pembeni, izungushe kidogo tu kuondoa mchanga, basi. Maji yanakaa kwenye mifereji ya tairi na kudondoka pale pale unapoondokea.

Tairi zikianza kudunda-dunda wakati wa kuondoka, ondoa mguu. Mdundo huo ndio unaovunja shafti za magurudumu. Angalia bushi na mauntini za injini kabla ya kurudi mstarini.

Hatua ya 4: Hewa iingie na itoke. Ea klina safi, bomba pana la ekzosi kuanzia kwenye turbo, na intakula kubwa zaidi. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa hadi busti ya bar 1 inaweza kutoka kwenye turbo ikiwa na zaidi ya nyuzi 100, kwa hiyo intakula si pambo.

Hatua ya 5: Mafuta. TAFADHALI SOMA YOTE. Hapa niliua injini, kwa hiyo sitafupisha. Nilikuwa nimefunga nozeli kubwa (zinazopulizia mafuta kwenye injini) na pampu kubwa ya mafuta, nikaona nimemaliza, nikapandisha busti hadi bar 1.2. Kilichobaki cha kiwandani ni waya wa pampu. Waya mwembamba, unapita kwenye swichi na viungo vilivyozeeka, kisha ndiyo unafika kwenye tanki. Gia ya kwanza na ya pili, geji ya uwiano wa hewa na mafuta (namba ikipanda, mafuta yamepungua) ilikaa 11.5, vizuri kabisa. Gia ya tatu, juu ya mizunguko 6,000, ilipanda hadi 12.9. Niliiona. Nikajiambia sensa imechoka, nikarudi mstarini mara mbili zaidi. Mara ya pili gari ilipiga misi kabla ya mstari wa mwisho na moshi wa buluu ukajaa kioo cha nyuma.

Nilipofungua plagi ya silinda ya tatu, kwenye kauri nyeupe kulikuwa na vidoa vidogo vinavyong'aa, kama mtu amenyunyiza fedha iliyosagwa. Ile ni alumini ya pistoni. Ukingo unaoshika ringi ulikuwa umevunjika kipande cha ukubwa wa ukucha. Baadaye nikapima umeme: betri volti 13.8, kwenye pampu volti 11.4 tu. Pampu ikikosa volti inapunguza mafuta, na presha ikipanda inapunguza tena. Kumbuka pampu ya gari ya turbo inasukuma dhidi ya busti. Kama presha ya msingi ni bar 3 na busti ni 1.2, kwenye reli ya nozeli (bomba linalozigawia mafuta) lazima usome 4.2. Presha ikibaki 3.5, nozeli inatoa mafuta machache ingawa kompyuta inaamini yote yamefika.

Kwa hiyo fanya hivi. Vuta waya mnene kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye pampu, weka fyuzi karibu na betri, na rilei inayowashwa na waya wa zamani. Pima volti pampu ikiwa kazini, siyo gari ikiwa imezimwa. Funga geji ya presha ya mafuta. Nozeli zisizidi asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wake. Kwa hesabu ya haraka, chukua hp (nguvu za farasi) unazolenga, zidisha kwa 0.6, gawanya kwa idadi ya nozeli, gawanya tena kwa 0.8, utapata ratili kwa saa. Zidisha kwa 10.5 upate cc kwa dakika. Hp 400 kwa nozeli nne inakuja karibu cc 790.

ONYO: uwiano ukianza kupanda wakati busti imesimama palepale, achia mguu PAPO HAPO. Usimalize mbio. Usiseme ni sensa.

Hatua ya 6: Kutyuni (kupanga upya kompyuta ya injini), kisha busti. Kwa mpangilio huo, siyo kinyume. Tumia plagi zenye ubaridi wa hatua moja zaidi, pengo la milimita 0.6 hadi 0.7, maana pengo pana cheche inazimwa na presha. Panda bar 0.1 kwa kila jaribio, na kila jaribio lirekodiwe. Injini ikigonga, yaani mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda, rudi nyuma. Hakikisha pia sensa ya presha inafika unakokwenda: ya bar 2 inapima presha yote pamoja na ya anga, kwa hiyo inaishia kwenye busti ya bar 1.

Hatua ya 7: Klachi. Mizunguko ikipanda bila kasi kupanda, imeisha.

Hatua ya 8: Uzito. Toa spea tairi, jeki na mizigo, mafuta yabaki robo tanki. Kila kilo 45 ni karibu 0.1.

Hatua ya 9: Usalama. Kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi cha Marekani, ambazo viwanja vingi huzifuata, kuanzia 13.99 kushuka unavaa helmeti. Kwenye 11.49 gari nyingi zinadaiwa nondo za kulinda paa, na gari mpya zimepewa nafasi zaidi. Waulize wasimamizi wa uwanja wako kabla hujafika. Na majaribio yote yafanyike uwanjani. Anayejaribu barabarani simsaidii.

MASWALI

Kanyaga_Twende: Mkuu nimesoma juu juu, niko safarini. Nitajie tu turbo gani nifunge nipate sekunde 11.

Jibu: Futi 60 zako ngapi? Kasi ya mwisho ngapi?

Kanyaga_Twende: Sijawahi kwenda uwanjani ila inavuta balaa.

Jibu: Nenda kwanza. Ukirudi na karatasi tutaongea.

Binti_Spana: Habari kaka. Nimefunga ekzosi kubwa na kutyuni. Kasi ya mwisho imetoka 165 hadi 174, lakini muda umetoka 13.5 hadi 13.4 tu. Nguvu nimeiongeza au geji inanidanganya? Gari na mimi ndani ni kilo 1,400.

Jibu: Nzuri dada, na ahsante kwa kuja na namba. Nguvu umeongeza. Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe: gawanya kasi kwa 377, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe mara tatu, kisha zidisha kwa uzito wa kilo na kwa 2.2. Kwa 165 inakuja karibu hp 258, kwa 174 karibu 303. Ni makadirio, ila tofauti ya hp 45 si ndogo. Kwa ongezeko hilo muda ungeshuka kama 0.7. Wewe umepata 0.1, kwa hiyo iliyobaki umeipoteza mwanzoni. Angalia futi 60 zako, nadhani zimepanda.

Binti_Spana: Kweli! Zimetoka 2.1 hadi 2.4. Nilikuwa siziangalii.

Jibu: Tairi zinazunguka bure. Busti inakuja mapema kuliko zamani, na wewe unaondoka kwa mizunguko ileile. Shusha mizunguko ya kuondokea kama 500, punguza upepo psi 2, na kama kompyuta yako inaruhusu, mwambie fundi aweke busti ndogo gia ya kwanza. Usinunue kitu chochote kabla ya kujaribu hayo matatu. Ukisimama mstarini, sogea taratibu mpaka taa ya pili ya kuonyesha umefika mstarini iwake tu, na usisogee tena. Gari inapata nafasi ya kusogea kabla saa haijaanza.

Mzee_wa_Busti: Unatisha watu. Mimi nina miaka miwili kwenye bar 1.4 na pampu ya kiwandani, hakuna kilichotokea.

Jibu: Sijamtisha mtu, nimeandika kilichonipata na nilichokipima. Una rekodi ya uwiano gia ya tatu na ya nne? Una presha ya mafuta kwenye reli?

Mzee_wa_Busti: Sina, ila gari ipo na inatembea.

Jibu: Yangu pia ilitembea mpaka siku ile. Kuna gari zilizotoka kiwandani na pampu yenye akiba kubwa, huenda yako ni mojawapo. Pima, uweke namba hapa. Zikiwa nzuri nitasema ni nzuri.

Otomatiki_Tu: Samahani, kwa gari ya otomatiki unaondokaje ukiwa na busti?

Jibu: Kanyaga breki kwa nguvu, ongeza mafuta taratibu mpaka busti ianze kusoma, kisha achia. Yote yaishe ndani ya sekunde mbili tatu. Ukishikilia zaidi unachemsha mafuta ya giaboksi, na breki zikishindwa gari inasogea na kupita taa za mstarini kabla ya wakati. Kati ya mbio na mbio iache ipoe.

Kijana_wa_Gereji: Kuhusu kupoa: sisi tunafungua boneti na kuweka mfuko wa barafu juu ya intakula ile ya juu ya injini. Mbio ya tatu inakaribia ya kwanza.

Jibu: Inasaidia, naunga mkono. Ila ondoa mfuko na ufute maji kabla ya kwenda mstarini, yasidondoke chini ya tairi zako au za mwenzako. Viwanja vingine watakurudisha kwa tone moja.

Binti_Spana: Na ethanoli je? Nasikia E85 (ethanoli nyingi iliyochanganywa na petroli kidogo) inapoza hewa na injini haigongi.

Jibu: Ni kweli, inavumilia busti kubwa. Lakini rudi hatua ya 5. Petroli inaungua kamili kwa uwiano wa 14.7, E85 kwa karibu 9.8. Kwa hiyo, kwa uzito, unahitaji mafuta zaidi kwa karibu asilimia 50, na nozeli zilizokuwa zinatosha hazitatosha tena. Pampu na waya wake vivyo hivyo.

Kijana_wa_Gereji: Ongeza na mpira wa ndani ya tanki, mkuu. Juzi nimetoa pampu mpya, mpira umepasuka, presha yote inarudi tankini.

Jibu: Ahsante, hilo nililisahau na ni kubwa. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kubeba petroli ndani yake, haukutengenezwa kuzama. Ukizama unavimba na kulainika. Nunua ule maalumu wa kuzamishwa, na klempu zisizokata mpira. Naingiza kwenye hatua ya 5 leo usiku.