Kabla hujaacha ufunguo gereji: kubalianeni kwanza kuhusu bei

Ugomvi kati ya fundi na mwenye gari hulipuka siku ya kuchukua gari, lakini chanzo chake ni siku ya kulipeleka. Mtu anafika gereji Mwanjelwa au Mafiati, hapa Mbeya, anasema "niangalizie klachi", anaacha ufunguo na advansi, anaondoka zake. Jioni anaambiwa laki nne badala ya laki mbili na nusu. Hakuna aliyeandika chochote, na kila mmoja anakumbuka lake.

Tuwatendee haki mafundi: si kila nyongeza ni wizi. Chukua hiyo klachi, ambayo milima yetu inaimaliza mapema, hasa kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinachobeba viazi kwenye milima ya Uporoto. Kuibadilisha ni lazima gia boksi ishushwe, na ikishashuka ndipo yaliyojificha yanaonekana: fulaiwili (sahani nzito ya chuma ambayo klachi hujibana juu yake) yenye nyufa na madoa ya bluu ya kuungua, au sili ya nyuma ya injini inayovujisha oili. Sili yenyewe si ghali. Kazi kubwa ni kushusha gia boksi, na imeshafanyika. Ukikataa kuibadilisha, oili itaharibu klachi mpya na utalipia ufundi uleule mara ya pili. Nyongeza ya namna hiyo ilipe. Lakini bushi za mbele au shokapu zinaonekana kwa kuinua gari na jeki tu. Zikiibuka kwenye bili bila kutajwa mapema, una haki ya kuhoji.

Kwa hiyo taja mambo haya ukiwa bado na ufunguo mkononi. Kuangalia tatizo ni bei gani hata usipotengeneza? Ufundi ni kiasi gani, na spea ni kiasi gani? Spea ananunua nani, na ni jenuini, ya mtumba au ya bei rahisi? Kisha sema wazi: "Usifungue wala kununua kingine bila kunipigia na kunitumia picha." Kama kazini kwako simu haishikiki, weka kikomo, kwa mfano kitu cha elfu ishirini kushuka chini afanye bila kukuuliza. Na kuna swali ambalo wengi hulisahau: akifungua, akakuta tatizo kubwa na wewe ukasema hapana, kurudishia kila kitu mahali pake utalipa shilingi ngapi? Hapo ndipo watu hukwama, gari liko vipande na pesa haipo.

Mkishaelewana, mwandikie hayo yote kwa ujumbe wa simu na umwombe ajibu "sawa". Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe kama huo kupokelewa kama ushahidi. Piga picha dashibodi, ionyeshe kilomita na mafuta. Agiza pia spea zote za zamani zirudishwe kwako, na risiti ya kila mpya iliyonunuliwa.

Uandishi huu una maana kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu Sheria ya Mikataba ya Tanzania inampa fundi haki ya kubaki na gari mpaka alipwe ujira wa kazi mliyokubaliana. Kupiga kelele getini hakukusaidii. Kinachokusaidia ni kuonyesha kwamba kazi fulani hukuiagiza. Mkishindwana, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa na ujumbe huo, na ikibidi Mahakama ya Mwanzo. Kama gari ndilo linalokulisha na huwezi kusubiri, lipa ulichukue, lakini andika kwenye risiti kiasi unachokipinga. Ila kabla ya kulipa, liendeshe mlimani ukiwa na fundi pembeni. Kwa aliye mjini Mbeya, Mlima Nyoka unatosha kuonyesha kama klachi inateleza.

Msafiri aliyeharibikiwa na gari kwenye milima ya barabara kuu, kama Kitonga au Inyala, yuko pabaya zaidi, maana hana fundi anayemjua na giza linaingia. Bei ya kuvutwa ikubaliwe kabla kamba haijafungwa, na injini isifunguliwe barabarani kama gari linaweza kufika mjini. Likichemka kwenye kupanda, huenda ni fani belti iliyokatika au rejeta inayovuja. Fundi akikwambia gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, imeungua, mwombe akuonyeshe oili injini ikiwa imepoa. Maji yakiingia kwenye oili, inageuka rangi ya chai ya maziwa. Usitosheke na kuangalia kifuniko cha kujazia oili, kwa sababu kwenye baridi ya Juni na Julai mvuke hugandia chini yake na kuacha utando mweupe hata kwenye injini isiyo na tatizo. Mwambie achomoe pia kijiti cha kupimia oili. Kikitoka na oili safi, na maji ya rejeta hayatoi mapovu injini ikiwashwa, usikubali hedi ifunguliwe kabla fundi wa pili hajaangalia.