Jinsi ya Kuwafuatilia Marafiki wa Elizabeth Gaskell kwa Barua Zake

Nyumba ya Elizabeth Gaskell, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19, iliyokuwa Plymouth Grove, Manchester, haikukaukiwa wageni, na riwaya zake kadhaa ziliandikwa humo. Ukitaka kujua nani alikuwa nani kwake, anza na barua kabla ya kusoma wasifu wowote. Mkusanyiko wa barua zake uliohaririwa na Chapple na Pollard, wa 1966, ndio msingi; wa Chapple na Shelston wa 2000 unaongeza zilizopatikana baadaye.

Kila barua iwe na kadi yake: tarehe, ilikoandikwa, aliyeandikiwa, na kila aliyetajwa ndani. Tarehe iandike kwa penseli, maana utaifuta.

Tarehe ndizo zinazosumbua, kwani nyingi hazina mwaka. Tuseme umeshika barua ya Plymouth Grove yenye "Jumapili, 25 Agosti". Kalenda ya zamani itakuonyesha kuwa siku hiyo iliangukia Jumapili mwaka 1839, 1844, 1850 na 1861. Familia ilihamia nyumba hiyo 1850, basi miwili ya mwanzo imetoka. Ikiwa barua inamzungumzia mwandishi mwenzake Charlotte Brontë akiwa hai, 1861 nao umetoka, kwa sababu alifariki 31 Machi 1855. Umebaki 1850, mwezi uleule wanawake hao wawili walipokutana mara ya kwanza, Briery Close karibu na ziwa Windermere, wakiwa wageni wa familia ya Kay-Shuttleworth. Andika mwaka kwa wino.

Majina nayo yanahadaa. Rafiki yake Emily Winkworth aliolewa 1851 akawa Emily Shaen. Asiyejua hilo huhesabu watu wawili. Meta ni binti wa Gaskell, Margaret Emily.

Kisha gawa kadi kulingana na jinsi walivyojuana. Umaarufu weka kando, utakupotosha. William, mume wa Gaskell, alikuwa mchungaji wa Wayunitari (Wakristo wasiokubali Utatu) katika Cross Street Chapel, na fungu la kanisa ni kubwa. Lakini Catherine na Susanna Winkworth, ndugu zake Emily, waliingia kwa mlango wa masomo: William aliwafundisha. Charles Dickens, mwandishi wa riwaya na mhariri, ni wa fungu la kazi. Alimwalika Gaskell 1850 aandike katika jarida lake, na baadaye wakavutana juu ya urefu wa sehemu za riwaya. Charles Eliot Norton, Mmarekani, weka na marafiki wa safari: urafiki wao ulishamiri Roma, 1857.

Kosa kubwa ni kupima mapenzi kwa wingi wa kadi. Gaskell aliwasihi jamaa zake wachome barua, na Meta alichoma nyingi. Zilizovuka bahari kwenda kwa Norton zilihifadhiwa, kwa hiyo fungu lake linaonekana nene kuliko la jirani aliyemwona kila wiki. Kwa kila jina linalotajwa mara kwa mara bila barua hata moja, weka kadi tupu, kisha utafute barua za mtu huyo kwa wengine.