Kufuatiliwa na mtaalamu wa lishe kwa simu ukiwa Lubumbashi

Mimi ni mshonaji, naishi Katuba. Nilianza na kilo 104 kwa urefu wa mita 1.62. Ukizidisha urefu kwa wenyewe, ukagawa uzito kwa jibu hilo, unapata karibu 40. Kuanzia 30 madaktari wanahesabu kuwa ni unene wa kupindukia. Mtaalamu wangu wa lishe yuko Kinshasa, hajawahi kuingia jikoni mwangu. Anajua kile tu ninachomwonyesha.

Kabla ya mazungumzo ya kwanza, panga mezani dawa zote unazotumia, upige picha majina yasomeke. Kama unajidunga insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, usipunguze chakula mpaka daktari wako ajue. Dawa ikibaki ileile na chakula kikapungua, sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka.

Mizani ikae kwenye sementi, si kwenye mkeka. Panda asubuhi hujala, umeshatoka chooni, siku ileile ya juma. Yangu ni Jumatano. Kwa kiuno, pitisha mita ya fundi kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, utoe pumzi, usivute tumbo. Wateja wangu huvuta tumbo nikiwapima, ndipo gauni linawabana.

Chakula kipigwe picha kabla hujamega, na ngumi yako kando ya bukari (ugali wetu), maana sahani zetu hazilingani. Mkila sahani moja na watoto, toa sehemu yako kwanza. Tuma pia ulichokula umesimama: mandazi, karanga, sukre, yaani soda, uliyopewa na mteja. Soda ya mililita 330 inaweza kuwa na gramu 35 za sukari.

Picha zangu zilikuwa safi, lakini mizani haikusogea wiki tatu. Akaniambia: "Mama, nirekodie video ukipika sombe." Ndiyo mboga yetu ya majani ya muhogo. Nikaegemeza simu kwenye ndoo ya unga, nikamimina mawese kama kila siku. Akanipigia: "Kesho rudia, ila mafuta yapite kwenye kijiko kwanza." Vikafika vijiko vikubwa 12, kwa watu sita. Kijiko kimoja kina kalori 120 hivi, na kwenye picha ya sahani hakuna anayeyaona. Tukashuka hadi vitano, tukaongeza vitunguu, bilinganya na ndakala (samaki wadogo wakavu) zilizotwangwa. Mume wangu alinung'unika siku mbili, ya tatu akaomba aongezewe. Basi rekodi chungu, usiishie kwenye sahani.

Bukari hakuniondolea. Nilikuwa nakula ngumi nne usiku baada ya kushinda njaa. Sasa nakula mchana na jioni, ngumi moja na nusu kila mara, na mboga inajaza nusu ya sahani. Mtaalamu asiyeuliza sokoni kwenu kuna nini na kwa bei gani, tafuta mwingine. Akianza kukuuzia chai ya kukondesha, kata simu.

Umeme ukiwepo, chaji mapema. Mega za intaneti zikiwa chache, tuma sauti badala ya video. Na kumbukeni Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja: miadi ya saa kumi na mbili jioni kwake ni saa moja usiku kwetu. Mimi ya kwanza ilinipita.

Usitafute kushuka haraka. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha, na kupungua kilo tano kwa mtu wa kilo mia kunaweza kusaidia presha na sukari. Mimi niko 95 baada ya miezi saba.

Wiki mbaya ndiyo ya kutuma kuliko zote. Kwenye matanga ya mama mkwe nilinyamaza siku tisa kwa aibu. Nilipotuma hatimaye, kilo mbili zimerudi, hakunigombeza. Aliuliza nililala wapi na nilikula saa ngapi, kisha tukapangia msiba mwingine: nile nyumbani kabla ya kutoka, nibebe maji yangu, na mara moja kwa siku nimtumie sauti, hata ya dakika moja.