Kasa na kaa katika shairi moja: namna ya kuwatofautisha

Washairi chipukizi wengi wa Tanga wakitunga juu ya wanyama wawili, humsifu mmoja na kumkashifu mwingine, lakini sauti ya beti zote ni ileile. Tofauti isikike kabla haijaelezwa.

1. Watazame kwanza. Kasa jike hupanda ufukweni usiku, kama kule Ushongo, Pangani, akichimba shimo kwa makasia ya nyuma na kutaga mayai mia na zaidi. Mzito ni juu ya mchanga tu; majini ni mwepesi, kwa hiyo usimwite mvivu. Kaa wa mchangani hukimbia upande kwa sababu viungo vya miguu yake hukunjika upande. Andika vitenzi vya kila mmoja: jongea, kokota, fukia, chomoka, tumbukia, toweka.

2. Chagua tarbia: mishororo minne, ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) mizani 8, yaani silabi 8, na utao (nusu ya pili) mizani 8. Vina viwe vya ukaraguni, yaani vibadilike kila ubeti. Mtiririko, yaani vina vilevile beti zote, ni mtamu, ila hapa utawavisha wanyama wote wawili sauti moja.

3. Mpe kasa maneno marefu na vina vyenye mvumo, kama ‑ndo na ‑nga:

Kasa mzito wa mwendo, aujongea mchanga,
Hutaga mayai lundo, shimoni akayapanga

Kaa mkatie maneno mafupi, na vina vya kugonga kama ‑ta na ‑po:

Kaa huyo! Toka! Pita! Mara kule, mara hapo,
Magando juu kwa vita, ukitazama hayupo

Mizani ni ileile 16. Mbio za kaa zinatokana na vituo vilivyomo ndani ya ukwapi, na silabi mbilimbili. Mshororo wa tatu wa kila ubeti utunge mwenyewe kwa vina hivyohivyo.

4. Hesabu kwa vidole. Makosa mengi yako hapa. "Gando juu, ataka vita" huonekana sawa, kumbe ni mizani 9, kwani "juu" ni mbili. "M" ya mchanga ni mizani kamili. "Nd" ya mwendo haisimami peke yake, huenda na "o". Usimeze silabi ili mshororo ukae, badilisha neno.

5. Funga kila ubeti kwa kibwagizo kimoja kisichoegemea upande:

Bahari ni yao moja, kila mmoja na zake

Bila kiungo hiki utakuwa na mashairi mawili yaliyobandikwa pamoja. Kibwagizo kinachotoa hukumu ("kasa ndiye bora") huua shairi mapema, maana msomaji hana tena cha kupima.

6. Ghani kwa sauti mbele ya mtu asiyeshika karatasi. Ukijikuta unazivuta beti zote mbili kwa pumzi ileile, usiguse vina. Rudi kwenye ukwapi wa kaa, uyakatekate maneno zaidi.